Capone alifungwa, mbona genge lake halikufa?

"Shikamoo mwalimu. Mimi na mume wangu tumehamia Cicero, mji ulioshikana na Chicago, na tunataka kufungua mgahawa mdogo wa pilau, chapati na nyama choma. Shemeji yangu anatukatisha tamaa. Anasema Cicero ni mji wa Al Capone na mafia watakuja kudai chao kabla hatujauza sahani ya kwanza. Mume wangu anasema hayo yaliisha mwaka 1931 pale Eliot Ness alipomkamata Capone. Wiki iliyopita alikuja kijana mmoja, mstaarabu tu, akasema anaweza kutuwekea mashine za kamari bure, mapato tugawane, makaratasi atashughulikia yeye. Kati ya shemeji na mume wangu, nani mkweli? Na ilikuwaje mtu aliyeua watu wengi hivyo akafungwa kwa kosa la kodi?"

Marahaba, binti yangu, na hongera kwa kuthubutu kufungua biashara ugenini. Swali lako nimelisoma mara mbili. Kuna ubishi wa historia kati ya shemeji na mume, na hapo katikati, kama jambo dogo, umemtaja huyo kijana wa mashine. Kwangu mimi yeye ndiye swali lenyewe. Nitamfikia. Ila acha nianze na ubishi wenu, maana ukishajua genge la Chicago lilikula wapi na lilijificha nyuma ya nani, habari za kijana huyo hazitahitaji maelezo marefu.

Tuanze na mume wako. Capone, bosi wa genge la Chicago, hakufungwa kwa kesi ya Eliot Ness. Ness alikuwa afisa wa serikali kuu aliyesimamia marufuku ya pombe. Yeye na kikosi chake walivamia viwanda vya bia vya siri na kumtia Capone hasara kubwa, na mashtaka ya pombe yenye maelfu ya makosa yaliandaliwa kweli, lakini hayakusikilizwa. Kesi iliyompeleka gerezani ilijengwa na watu wa hesabu wa Wizara ya Fedha, wakiongozwa na Frank Wilson. Tarehe 17 Oktoba 1931 jopo la raia lilimtia Capone hatiani kwa makosa matano ya kodi, na wiki moja baadaye Jaji James Wilkerson akamhukumu miaka 11 na faini ya dola 50,000.

Unauliza kwa nini kodi na si mauaji. Watu wengi hudhani ni ujanja wa mawakili tu, kumbe sababu iko kwenye muundo wa serikali ya Marekani. Mauaji kwa kawaida ni kosa la jimbo. Hupelelezwa na polisi wa mji, hushtakiwa na mwendesha mashtaka wa kaunti, husikilizwa na jaji aliyepigiwa kura na wakazi wa hapo hapo. Chicago ya miaka ile, katika mlolongo huo wote, asiyenunulika alitishika. Na shahidi naye ana watoto nyumbani. Tarehe 14 Februari 1929, kwenye gereji ya 2122 North Clark Street, wanaume saba walipangwa ukutani wakamiminiwa risasi, na baadhi ya wauaji walikuwa wamevaa sare za polisi. Hadi leo hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani kwa mauaji yale. Gereji ilibomolewa mwaka 1967, na mpita njia asiyejua haoni chochote cha kumfanya asimame.

Kodi ya mapato, kwa upande mwingine, ni ya serikali kuu, mbali na madiwani na masajenti wa Chicago. Mwaka 1927 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi ya muuza pombe ya magendo aliyeitwa Sullivan, kwamba hata pesa haramu inatozwa kodi. Kuanzia hapo serikali haikulazimika tena kuthibitisha nani alifyatua risasi. Ilitosha kuonyesha kwamba pesa iliingia mfukoni mwa Capone na kodi haikulipwa.

Kulionyesha hilo ilikuwa kazi, kwa sababu Capone hakuwa na akaunti ya benki kwa jina lake. Na hapa ndipo mji wenu unapoingia. Aprili 1926 mwendesha mashtaka msaidizi, William McSwiggin, aliuawa kwa risasi Cicero. Polisi, kwa aibu na hasira, wakavamia vijiwe vya Capone, na kwenye nyumba moja ya kamari karibu na Hoteli ya Hawthorne wakabeba vitabu vya hesabu. Vitabu vile vikatiwa kabatini vikasahaulika kwa miaka. Wilson alipokuja kuvifungua alikuta safu za tarakimu za mapato ya kamari, na kila baada ya kurasa kadhaa faida imejumlishwa na kugawanywa kwa herufi: A, R, J. A ni Al. R ni Ralph, kaka yake. J ni Jake Guzik, mtunza hazina wa genge. Faida iliyoandikwa mle ilipita dola nusu milioni.

Lakini herufi A haimfungi mtu mpaka apatikane aliyeiandika. Wapelelezi wakaanza kulinganisha mwandiko ule na hati za watu walioweka fedha benki, mpaka wakampata karani mwenyewe, Leslie Shumway, anafanya kazi kwenye uwanja wa mbio za mbwa huko Miami. Akakubali kusema. Juu ya hapo, wakili wa kodi wa Capone alikuwa ameiandikia serikali barua ya kutafuta suluhu, akikiri kwamba mteja wake aliingiza mapato, hadi dola 100,000 kwa mwaka katika 1928 na 1929. Barua hiyo ikasomwa mahakamani. Capone naye hakulala: watu wake waliipata orodha ya raia watakaoketi kwenye jopo. Asubuhi ya kesi Jaji Wilkerson akabadilishana jopo na jaji mwenzake, na wote walioandaliwa wakaenda kusikiliza kesi nyingine.

Kwa hiyo, ukiacha jina la Ness, mume wako yuko sawa kwamba Capone alifungwa mwaka 1931. Kosa lake kubwa ni kudhani kwamba genge lilifungwa pamoja naye.

Genge lile Capone hakulianzisha. Alilikuta. Kabla yake alikuwepo Jim Colosimo, mwenye madanguro na mkahawa wa watu wakubwa, aliyelindwa na madiwani wawili wa Kata ya Kwanza, Michael Kenna na John Coughlin. Colosimo alihakikisha kura zinapatikana siku ya uchaguzi, na madiwani walihakikisha polisi hawagongi mlango. Marufuku ya pombe ilipoanza Januari 1920, Colosimo hakuitilia maanani sana biashara hiyo mpya. Mei mwaka huo huo akauawa ndani ya mkahawa wake. Johnny Torrio, mtu mtulivu mwenye akili ya biashara, akashika usukani, na baada ya yeye mwenyewe kupigwa risasi Januari 1925 na kunusurika, akamkabidhi kijana wake kutoka Brooklyn, Alphonse Capone, mwenye miaka 26.

Cicero iliingia mikononi mwao kwa sababu nyepesi sana. Mwaka 1923 Chicago ilipata meya mpya aliyekaza kamba, William Dever. Genge likatafuta mji wa jirani wenye serikali yake. Siku ya uchaguzi wa Aprili 1924 watu wenye silaha walizunguka vituo vya kura vya Cicero wakiwatisha wapiga kura na kuwateka wasimamizi. Frank Capone, kaka yake Al, aliuawa siku hiyo na polisi waliotumwa kutoka Chicago. Mgombea wao alishinda hata hivyo. Shemeji yako hajatunga hadithi ya Cicero, na ningekosa uaminifu kama ningekuambia ni porojo.

Marufuku ya pombe iliondolewa tarehe 5 Desemba 1933. Kama genge lingekuwa la pombe tu, lingekufa siku ile. Halikufa, kwa sababu bidhaa yake hasa haikuwa pombe. Liliuza chochote ambacho watu wanakitaka na sheria imekikataza, kisha likanunua kimya cha wale waliopaswa kulizuia. Pombe ilipoondoka kwenye orodha, kamari ilibaki, mikopo ilibaki, na vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeshaanza kukamatwa. Walioshika baada ya Capone, Frank Nitti, Paul Ricca, Murray Humphreys na Tony Accardo, walikuwa na somo moja kutoka kwa bosi wao: usipende magazeti. Kundi lenyewe likaitwa Outfit tu. Na halikuwa la Waitaliano peke yao. Guzik alikuwa Myahudi, Humphreys asili yake Wales, Gus Alex Mgiriki, Ken Eto Mjapani. Bosi wa juu alikuwa Mtaliano, lakini pesa haikuulizwa kabila.

Walivyokamata vyama, mfano wake ni Hollywood. Mwaka 1934 walimsimika mtu wao, George Browne, kuwa rais wa chama cha wafanyakazi wa majukwaa na wa kuonyesha sinema. Baada ya hapo kampuni kubwa za filamu zililipa kimyakimya ili wafanyakazi wasigome. Mpango ulipofumuliwa na mashtaka kutolewa, Nitti alijipiga risasi kando ya reli huko North Riverside, tarehe 19 Machi 1943. Si mbali na kwenu.

Kuna sura moja ambayo nataka uijue, kwa sababu inawahusu watu weusi wa Chicago na haisimuliwi vya kutosha. Upande wa Kusini wa mji, watu waliohama kutoka majimbo ya kusini walicheza bahati nasibu ya namba iliyoitwa policy. Dau lilikuwa senti chache, na wenye michezo walikuwa weusi wenyewe. Ilikuwa haramu, na wenye nayo hawakuwa malaika, lakini pesa ilizunguka mtaani: iliajiri watu na kufungua maduka. Mwaka 1946 Edward Jones, mmoja wa ndugu waliotawala biashara hiyo, alitekwa, akaachiwa kwa fidia ya dola 100,000, akahamia Mexico. Wengine wakaachia mmoja mmoja. Theodore Roe akakataa. Mwaka 1951 watu wa Outfit walijaribu kumteka njiani, yeye na walinzi wake wakajibu risasi, na mmoja wa watekaji, Leonard Caifano, akafa. Tarehe 4 Agosti 1952 Roe alipigwa risasi nje ya nyumba yake. Baada yake mchezo ukawa wa Outfit, na faida ikaondoka mtaani. Nikisikia mtu anasema Capone alikuwa mwema kwa sababu alifungua jiko la supu kwa wasio na kazi mwaka 1930, na ni kweli alilifungua, mimi humtajia Roe na mtaa wake.

Sasa nije kwenye hofu ya shemeji, ile ya kudaiwa "chao". Kilikuwepo kitu kinaitwa kodi ya mtaani. Lakini waliotozwa zaidi walikuwa wahalifu wenzao: wapokea dau, wezi wa magari, wavunja nyumba, wenye baa zenye mashine haramu. Sababu iko wazi. Mtu anayefanya haramu hawezi kwenda polisi. Wapo pia wafanyabiashara halali waliokamuliwa. Kwenye kesi kubwa ya mwaka 2007 dhidi ya Outfit mwenye mkahawa wa piza alieleza mahakamani jinsi alivyolipa kwa miaka mingi kwa kuogopa. Ila mlango wao wa kawaida kwa mtu halali ulikuwa mkopo. Tanzania tunaiita kausha damu, na jina linafaa kabisa. Riba ya kawaida ilikuwa asilimia 5 kwa wiki. Umekopa dola 1,000, unalipa 50 kila wiki. Mwaka ukiisha umeshatoa dola 2,600 na ile 1,000 bado inakungoja yote. Ukishindwa, wanaingia ubia kwenye duka lako bila kuandikishana.

Kilichowaangusha kilichukua muda. FBI yenyewe, idara ya upelelezi ya serikali kuu, ilichelewa. Hadi Novemba 1957, polisi walipokurupusha mkutano wa mabosi huko Apalachin, New York, mkurugenzi J. Edgar Hoover alikuwa hajakiri kwamba kuna mtandao wa nchi nzima. Mwaka 1959 maafisa wa Chicago wakaficha kinasa sauti kwenye duka la fundi suti la Michigan Avenue ambako Humphreys na wenzake walikutana, na kwa mara ya kwanza serikali ikawasikia wakitaja wenyewe wanasiasa wao. Mwaka 1970 ikaja sheria ya RICO, inayomwezesha mwendesha mashtaka kulishtaki genge kama genge. Januari 1986 mabosi wa Chicago, Joseph Aiuppa na Jackie Cerone miongoni mwao, walitiwa hatiani kwa kuchota pesa za kasino za Las Vegas kabla hazijahesabiwa.

Kwangu kesi inayoeleza yote ni ya Harry Aleman. Mwaka 1972 alimuua kwa risasi mwanachama mmoja wa chama cha madereva wa malori, na jirani aliyekuwa akitembeza mbwa alimwona uso kwa uso. Jirani huyo alijitokeza kutoa ushahidi, jambo ambalo karibu hakuna aliyethubutu. Mwaka 1977 Jaji Frank Wilson (si yule wa vitabu vya hesabu, ni majina tu kufanana) akamwachia Aleman huru. Alikuwa amehongwa dola 10,000. Ukweli ulitoka miaka mingi baadaye, wakili aliyepeleka ile hongo, Robert Cooley, alipokwenda mwenyewe kwa serikali kuu na kukubali kuvaa kinasa sauti. Jaji yule alijiua mwaka 1990. Kisheria mtu hashtakiwi mara mbili kwa kosa moja, lakini mahakama ikasema kesi iliyonunuliwa haikumweka Aleman hatarini hata kidogo, kwa hiyo haihesabiki. Mwaka 1997 kesi yake ikasikilizwa upya, jirani yule yule akapanda tena kizimbani, na safari hii Aleman akafungwa.

Ile kesi ya 2007 nayo ilitoka ndani ya nyumba. Frank Calabrese mdogo, akiwa gerezani na baba yake, aliiandikia FBI barua mwaka 1998 akijitolea kumrekodi baba yake mzazi. Kisha ami yake, Nick, baada ya damu yake kukutwa kwenye glavu iliyoangushwa kwenye mauaji ya 1986, naye akasema yote. Mauaji 18 yalitajwa kwenye mashtaka. Calabrese mkubwa, Joseph Lombardo na James Marcello walihukumiwa kifungo cha maisha.

Je, limekufa sasa? Lile la kuteka uchaguzi na kupanga majaji, ndiyo. Mabaki yake yameendelea kuonekana, na kwa bahati mbaya yameonekana kwenu. Mwaka 2002 kiongozi wa mji wa Cicero, Betty Loren-Maltese, alitiwa hatiani kwa wizi wa zaidi ya dola milioni 10 za bima ya wafanyakazi wa mji, kwa kushirikiana na watu wa genge. Na Februari 2003, Berwyn, mji unaopakana nanyi, bomu lililipuliwa kwenye ofisi ya kampuni ya mashine za kamari kwa sababu ilikuwa inawapokonya wateja watu wa genge. Mtu wa genge, Michael Sarno, alitiwa hatiani kwa hilo mwaka 2010, akapewa miaka 25.

Mashine za kamari, binti yangu. Umeona kwa nini kijana wako amenikaa kichwani.

Simtuhumu. Anaweza kuwa wakala halali kabisa. Illinois, jimbo lenu, ilihalalisha mashine hizi kwa sheria ya 2009, na zilianza kuwashwa Oktoba 2012. Lakini sheria hiyo ina masharti, na masharti ndiyo yatakayokuonyesha yeye ni nani. Kampuni inayoweka mashine lazima iwe na leseni ya Illinois Gaming Board, bodi ya jimbo inayosimamia kamari. Nyinyi wenye mgahawa lazima muwe na leseni yenu wenyewe kutoka hapo hapo. Mgahawa unaostahili ni ule wenye kibali cha kuuza pombe ya kunywewa mle ndani. Kama mtauza pilau na soda tu, hamstahili kuwa na mashine hata moja. Mapato baada ya kodi ya serikali hugawanywa nusu kwa nusu kwa mujibu wa sheria, hayajadiliwi mezani. Na kampuni hairuhusiwi kukupa zawadi au fedha za kukushawishi. Kwa hiyo mwombe jina kamili la kampuni na namba ya leseni, kisha thibitisheni wenyewe kwenye Gaming Board. Akikasirika kwa kuombwa, au akirudia kwamba makaratasi mmwachie yeye, mwambie asante, hapana. Mtu akikushughulikia makaratasi ya leseni yako mwenyewe, jina litakaloitwa mahakamani ni lako.

Kuna mawili ambayo sitaki myamalize kwa simu, kwa ndugu, wala kwa kuniandikia mimi. Kabla ya kusaini mkataba wowote wa pango, mkopo au mashine, lipeni wakili mwenye leseni ya Illinois akae nanyi ausome. Ni gharama, najua. Na kama yeyote, huyu kijana au mwingine, atadai fedha ya ulinzi au kuwatisha, msibishane naye na msimlipe hata mara moja. Andikeni siku, saa, maneno aliyosema na namba ya gari, kisha nendeni wenyewe ofisi ya FBI ya Chicago. Kama makaratasi yenu ya uhamiaji bado hayajakaa sawa, hilo lisiwafungie ndani. Mwoneni kwanza wakili wa uhamiaji, ana kwa ana, mkamuulize juu ya viza ya U, iliyowekwa kwa waathirika wa uhalifu fulani, kutozwa fedha kwa vitisho ikiwemo, wanaosaidia upelelezi.

Ofisi hiyo ya FBI iko Roosevelt Road, barabara ile ile inayopakana na Cicero upande wa kaskazini. Mkiishika kuelekea mashariki mtaikuta.